Hewa Tuliyokutumia Shimoni

Mwalimu Anselme,

Ni mimi Bauma, ule wa benchi ya pili karibu na dirisha. Niko nakuandikia kutoka Ntoto, kwenye meza ya katekista mwenye alinipa pahali pa kulala. Siku ya kukuzika kule Omate, kwenye mashimo ya zahabu, sikufungua kinywa. PDG wa shimo, ule tajiri tulikuwa tunamuchimbia sisi wote wawili, alisimama nyuma yangu karibu sana mpaka nilisikia pumzi yake kwenye shingo. Leo hayuko. Leo ni wewe na mimi tu, na hauwezi kunikatiza. Utanivumilia kama barua haina mupango. Ulikuwaka unanichorea mistari myekundu sababu ya kosa hilo hilo.

Imepita miezi saba. Nataka nikuambie kenye kilikuua, na nani alikileta. Sehemu moja ulijua mbele yetu wote. Ile ingine haukupata nafasi ya kuijua.

Lakini acha kwanza nikumbuke kidogo. Nimenyimwa hata hiyo, kwa sababu kila nikikumbuka kilasi yako nakutana na mimi mwenyewe nimesimama kwenye mvua.

Nakumbuka siku ulileta mapafu ya mbuzi kutoka kwa mwenye kuuza nyama, yamefungwa kwenye jani la ndizi. Ukaingiza tete kwenye koo, ukapuliza, na ile nyama nyepesi ikainuka mbele yetu kama vile mbuzi amekataa kufa. Wasichana walipiga kelele. Ukasema mapafu yetu sisi watu, muntu akikunjua vifuko vyake vyote vidogo na kuvitandika chini, yangefunika kilasi ile ukuta mpaka ukuta. Ukatuangalia, sisi watoto wa kulima maharagi kwenye mulima wa Masisi, ukasema: "Munaona? Hakuna maskini hapa. Kila mumoja iko na shamba kubwa ndani ya kifua."

Siku ingine ulichovya jani la maharagi kwenye maji ya moto, tukaona vipovu vinatoka upande wa chini wa jani, si wa juu. Ukatuambia jani limeweka milango yake ya hewa kwenye kivuli, jua lisilikaushe. Ukatupa panzi tuhesabu vitundu kwenye ubavu wake, ukasema huyu hata ukimuzamisha kichwa ndani ya maji, tumbo likibaki inje, anapumua. Ukatuuliza kwa nini munyoo akikauka anakufa, na mimi njo nilijibu: kwa sababu hewa haipiti kwenye ngozi kavu, na yeye hana pua ingine zaidi ya ngozi yake. Ulinipigia makofi peke yako. Sijasahau.

Na ile siku ya Posho, Jumamosi, ulitupeleka kwenye shamba la muke wako, Mama Riziki, pale chini maji yalikuwa yamekaa. Maharagi yalikuwa yamegeuka manjano. Ukang'oa shina moja, ukaanza: "Mizizi nayo inapumua. Maji yamejaza nafasi ya hewa kwenye udongo, mizizi imekosa pumzi." Mama Riziki alikusikiliza mpaka mwisho, akakupa jembe. "Mwalimu, hawa watoto wamesikia. Sasa chimba mufereji." Tukacheka mpaka wewe mwenyewe ukacheka, na ukachimba.

Kisha somo la damu. Hili njo linanikaba. Ulisema damu iko kama pikipiki za taksi. Hewa nzuri inapanda kwenye mapafu, inapelekwa mpaka kwenye miguu, kwenye kichwa, inashuka, na pikipiki inarudi kuchukua ingine. Ukatuandikia kwenye tablo: moshi wa motere nao unapanda. Unapanda mbele ya hewa, na ukishapanda haushuki. Pikipiki zote zinajaa abiria mwenye hashuki, na muntu anakufa na hewa iko mbele ya pua yake. Nilinakili neno kwa neno. Kwenye ekzame uliuliza hiyo, na mimi niliijibu bila kosa.

Halafu vita vikafika kwenye mulima wetu. Kilasi ikabaki na watoto kumi, halafu wane, halafu mabenchi yakapasuliwa kuni. Mimi nilikuwa nimekwisha kukimbilia Omate kuchimba. Wewe ulishuka na familia mpaka hapa Ntoto, kwa kaka yako mukubwa Papa Deo. Ukakaa, ukangojea shule ifunguliwe. Haikufunguliwa. Siku nilikuona unafika Omate na begi lako la vitabu, nilijificha nyuma ya kibanda. Sikutaka unione na matope, na sikutaka kukuona wewe ukivaa matope. Ulikuja moja kwa moja: "Bauma, nionyeshe kazi." Wewe, kuniomba mimi nikuonyeshe!

PDG alikuweka kwenye shimo moja na wachimbaji wawili, Kambale na Shukuru. Mimi nilikuwa juu, mwenye kulinda motere. Unalijua shimo lile, lakini acha niliseme, maana watu wa kwetu hawalijui na wanalisemea. Linashuka wima, muntu anashuka kwa ngazi ya miti, halafu linalala na kuingia ndani ya mulima. Kule mwisho hewa haifiki yenyewe. Motere inazungusha feni, feni inasukuma hewa kwenye tiyo ya plastiki mpaka pale munachimba. Motere ikivuta hewa safi, munapata hewa safi. Ikivuta kitu kingine, munapata icho kingine.

Asubuhi ile, kabla ya kushuka, ulinishika bega. "Bauma, motere ibaki huku kwenye upepo. Hata mvua ikinyesha, usiiingize kwenye kinywa cha shimo." Nikasema: "Ndiyo, Mwalimu."

Mvua ilikuja kabla ya saa sita, mvua ya huku Walikale yenye haiombi ruhusa. PDG akatoka kwenye kibanda akipiga kelele: "Ingiza motere! Unataka ilowe?" Pale kwenye kinywa cha shimo kulikuwa shitingi, lile turubai la plastiki, tumeifunga juu kama paa. Nikamwambia: "Mwalimu amekataza." Akasema: "Mwalimu? Hapa ni kilasi?" Watu wakacheka.

Na mimi nikacheka.

Hilo njo sikuambia muntu hata siku moja, hata wale nimekwisha kuwaambia mengine. Nilicheka, nikashika motere kwa mikono yangu, nikaisukuma chini ya shitingi. Na sikusahau somo, Mwalimu. Ningesahau ningekuwa na pahali pa kujificha. Nilisimama pale nikaona moshi unazunguka chini ya plastiki, hauna pahali pa kutokea, feni inauvuta, tiyo inaumeza. Ile sentensi ya tablo ilinijia yote kichwani. Nikajiambia ni muda kidogo tu, mvua itakatika.

Haikukatika.

Kenye kilipita chini alinielezea Kambale. Alisema mulianza kuumwa kichwa, Shukuru akaanza kucheka bila sababu, miguu yake ikalegea. Kambale akawasha buji, ule mushumaa wa kupima hewa, na buji ikawaka vizuri. Akasema hewa iko, tuendelee. Wewe ukasema: "Buji haijui moshi wa motere. Tutoke. Sasa hivi." Ukamusukuma yeye mbele. Mukafika kwenye ngazi. Ulipiga kelele juu: "Bauma, zima!" Aliniambia uliita jina langu mara tatu. Mvua ilikuwa inapiga shitingi na motere inalia. Sikusikia.

Kambale alianza kupanda. Alipogeuka aliona umeacha ngazi, unarudi ndani kumuchukua Shukuru.

Kwa nini? Wewe mwenye ulijua? Kambale hakujua, Shukuru hakujua, wewe ulijua damu yako imekwisha kujaa nini, na pumzi ngapi zimekubakia. Ngazi ulikuwa umeishika. Mutoto wako Riziki wa miaka sita alikuwa Ntoto anakungojea. Miezi saba nakukasirikia kwa ile hatua ya kurudi. Nakukasirikia sababu ungepanda, mimi ningekuwa muntu mwenye alifanya kosa. Sasa mimi ni nini?

Kambale alitoka, akatapika, akasema "zima." Nikazima. Tuliivuta motere inje kwenye mvua, ile mvua tuliyoiogopea chuma, tukaiwasha tena tusukume hewa safi. Tulipowafikia ulikuwa hatua kidogo na ngazi. Mukono wako ulikuwa umeshika mukaba wa Shukuru. Mwili wake ulikuwa umeuburuta karibu njia yote.

Tulipowalaza kwenye majani na kuwaosha, watu wakaona midomo yenu. Myekundu. Makucha mekundu, ndani ya macho mekundu, kama watu wenye wametoka kukimbia. Mimi nilijua mara moja. Damu yenye imeshika moshi haigeuki nyeusi, inabaki inang'aa, ulitufundisha. Lakini wengine walirudi nyuma. Muntu aliyekufa hawezi kuwa na midomo ya uzima. Huu ni uchawi, walisema. Na PDG, mwenye alikuwa anatafuta mulango wa kutokea, akaupata. Akakumbusha wote kwamba siku mbili nyuma Mama Riziki alifika kutoka Ntoto kukuletea bugali na sombe, akakaa karibu na kinywa cha shimo kukungojea, na kwa wachimbaji hiyo ni mwiko. "Mwanamuke alikaa juu ya shimo," akasema. "Sasa munaona."

Kisha akanivuta kando. "Wewe njo ulikuwa kwenye motere. Ukisema motere, umejisema."

Papa Deo alifika kwenye maziko. Aliona midomo yako. Hapa Ntoto, kwenye kilio, watu wamekaa kwenye mikeka, na mimi kati yao, alisimama akasema: "Ndugu yangu alikuwa muzima. Mwili wake ulikuwa mwekundu kama anaishi. Huyu mwanamuke alimupelekea nini kwenye ile sahani?" Mama Riziki aliinua kichwa. Hakulia. Aliangalia watu mumoja mumoja, akitafuta mwenye alikuwa Omate. Macho yake yalifika kwangu. Nikaangalia miguu yangu.

Walimufukuza na nguo alizovaa. Riziki wakamubakisha, sababu mutoto ni wa ukoo wa baba. Mama Riziki akaenda Buleusa kwa shangazi yake. Mimi nikarudi Omate na nikalinda motere ile ile. Ndiyo. Miezi ine ingine.

Sikuacha kwa sababu ya moyo muzuri, usifikiri hivyo. Niliacha kwa sababu nilipata kazi ya kubeba mizigo ya muchuuzi mumoja, na njia yake inapita Buleusa. Mama Riziki aliniona nikipita kando ya shamba la shangazi yake. Alikuwa anapanda muhogo. Akaniita, "Bauma, mwanafunzi wa Mwalimu, kuja ukae." Akanipa maji. Alikuwa amekonda, na nywele ameacha kusuka. Akauliza habari za njia, habari za Omate. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama muntu anauliza bei ya chumvi:

"Wewe ulisoma. Ni kweli nilimuua? Kukaa pale juu ya shimo. Nakumbuka nilikalia jiwe. Labda halikuwa jiwe la kukalia."

Alikuwa ameanza kuamini. Wewe ulimuoa akiwa na kichwa kigumu kuliko chako, ule mwenye alikupa jembe mbele ya kilasi, na tulimufikisha pale.

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia yote. Mvua, shitingi, motere, pikipiki za damu, buji, rangi ya midomo. Na mikono ya nani ilisukuma. Kicheko tu njo sikuweza. Aliendelea kushika kile kipande cha shina la muhogo, hakukipanda wala hakukiweka. Mwishoni akauliza: "Ulijua, siku ile ya kilio, pale nilikuangalia?"

"Nilijua."

Akakichomeka kile kipande kwenye udongo. Sikuona hasira. Ningependa hasira. Akasema: "Basi simama. Utayasema hayo Ntoto, mbele ya Deo, na mutoto wangu akiwa pale."

Tulitembea siku tatu, sehemu kwa miguu, sehemu kwa pikipiki.

Papa Deo aliita ukoo, na huyu katekista. Nilisimama kati yao nikaanza somo lako, Mwalimu, nikachanganya mistari. Nikaanza tena. Nikawaeleza hewa inavyopanda na inavyoshuka. Mzee mumoja akauliza: "Na buji iliwaka kwa nini?" Nikasema kwa sababu hewa ya kuwasha moto ilikuwa bado ipo, ila damu haikuwa tena na nafasi ya kuibeba. Katekista akasema kwamba zamani mahali kwao familia moja ilifungia jenereta kwenye nyumba na wakakutwa hivyo, wekundu, wote. Neno la katekista lilifanya kazi kuliko langu.

Papa Deo akaniuliza: "Haya ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Na ulikula kwenye kilio cha ndugu yangu?"

"Nilikula."

Alikaa chini. Ni muntu mukubwa, unamujua, na alikaa kama amesukumwa. Kisha akamuita Riziki, akamushika mukono, akamupeleka kwa mama yake mbele ya wote. Hakuomba musamaha. Alisema tu: "Mutoto wako." Na mimi akaniambia nisivuke tena kizingiti chake, na sijakivuka. Ana haki.

Usifikiri basi mambo yamenyooka. Mama Riziki amerudi Buleusa na mutoto, lakini nasikia wanawake wa kule bado hawanunui majani ya muhogo kutoka kwa mikono yake akipita sokoni. Wengine wanasema nilitumwa, kwamba alinipa dawa niseme. Nilienda kwa chefu wa kule Omate, nikamuambia yote. Aliandika kwenye kaye yake, akaifunga, akaniuliza kama kuna neno lingine. PDG amefungua shimo jipya ng'ambo ya mutoni. Motere inaingia chini ya shitingi kila mvua ikinyesha, nimeiona kwa macho yangu. Nilijaribu kuwaeleza wale wenye kulinda motere. Mumoja akasema: "Yako iliua watu, sasa unatufundisha?" Wakanirushia matope. Kambale peke yake, huko alipo sasa, amekubali. Mvua ikinyesha anaweka motere inje, na yeye mwenyewe anaifunika na koti lake, analowa.

Na shule ya mulimani bado imefungwa. Nyasi zimeingia mpaka kwenye tablo.

Mama Riziki hajanisamehe. Siku yake ya kuondoka hapa nilimupelekea begi lako la vitabu, nililiokota kwenye kibanda chako na kulificha ndani ya muzigo wangu muda wote huu. Akalipokea, akatoa daftari lako la biolojia, akanirudishia. "Hili ubaki nalo," akasema. "Sitaki usahau hata mustari." Sijui kama ilikuwa zawadi ao hukumu. Nadhani ilikuwa hukumu.

Mwalimu, karatasi inaisha. Nabakisha jambo moja. Shukuru alikuwa na mama. Anakaa mbali, upande wa barabara kuu, na hakuna aliyemufikia na ukweli. Yeye anaamini mutoto wake alikufa kwa uchawi wa mwanamuke, na kila Siku ya Mungu, watu wanasema, anamulaani Mama Riziki kwa jina kanisani. Sikumuendea. Nilisema njia ni mbaya, nilisema sina viatu. Ni uoga tu.

Kesho asubuhi naanza njia. Nitamwambia nikiwa nimesimama, kabla hajanipa kiti, na safari hii nitasema na kile kicheko. Akitaka kunipiga nitakaa nipigwe. Halafu nitamwambia kwamba mutoto wake hakufa peke yake mule ndani, kwamba kulikuwa muntu mwenye alimurudilia.

Pumzika, Mwalimu. Mimi bado.

Bauma